Wakija Mbaha Watabatizwa

Glorious weee, acha unachofanya usome hii!

Leo jumuiya imesali kwa wifi Hedwiga, hapa Mbaha. Rozari tukamaliza vizuri, ikabaki tule dagaa wetu wa ziwani, usipa, twende zetu. Mwenyekiti wetu, Mzee Baltazar, akatoa simu: kuna mhubiri anasema viumbe wa sayari nyingine ni mashetani. Akamgeukia Hedwiga, si ndiye mwalimu wa mafundisho! "Mwalimu, tuambie."

Si angenyamaza? Akajibu, "Kama wapo, Mungu ndiye kawaumba. Wakija Mbaha watabatizwa."

WATABATIZWA, Glorious!

Halafu Mama Tadea: "Kwa hiyo unawatetea?"

Hedwiga akageuza haraka: basi, ni mashetani. Mzee Baltazar akadakia, "Umewajulia wapi?"

Huku moto, huku maji. Na kutoka hawezi, nyumba ni yake, wageni ni wake.

Unajua walichoamua? Novena! Siku tisa, hapahapa, kumwombea. Mama yangu, mkwe wake, kashaitikia: "Karibuni sana." Na anayeongoza ni nani? Mwenye nyumba, kama kawaida yetu. Yaani Hedwiga aongoze sala za kumtoa Hedwiga mashetani!

Sasa hivi tumejibanza jikoni, anajifanya anachochea kuni. Ananinong'oneza, "Beata, kama wapo kweli, si waje tu wanichukue!"

Nimeinua macho. Mzee Baltazar yuko mlangoni, ameshika sahani yake ya usipa. Amesikia.