Bafu Ulilonijengea, Zabroni

Mume wangu Zabroni,

Nikikuita hivyo ulikuwa ukicheka, mjukuu wangu. Sasa hakuna wa kucheka. Anayeandika ni dada yako Neema. Mkono wangu unajua jembe tu. Nimemwambia asibadilishe neno, hata nikijitukana.

Tangu tukuzike, lile bafu la marumaru limeendelea kuvuja. Ukuta wa chumbani kwangu umelowa mpaka tofali zinameguka kama ugali wa jana. Nikausiriba kwa udongo wa kichuguu, maana ndiyo dawa ninayoijua. Maji yakapita. Na watu wa hapa Busunzu hawana dogo: palepale matangani nilimsikia mmoja, "Marehemu alikuwa mcheshi, ila ufundi, hapana." Sikukutetea, kwa sababu hata mimi niliamini.

Unakumbuka nilivyokupigia simu ukiwa Kasulu? "Fundi gani wewe, bafu linakojoa kama mtoto! Njoo uone aibu yako." Ukanijibu, "Mke wangu, mbona mkali? Jumamosi nakuja." Jumamosi mvua ikanyesha, ukapanda bodaboda hivyohivyo. Kwangu hukufika.

Juzi mwenzako wa kazi, Yohana, alikuja kulitengeneza. Akabandua marumaru moja moja, taratibu, kama mtu anayeosha maiti. Nyuma ya marumaru akakuta bomba limetobolewa na msumari. Msumari wangu, Zabroni. Niliugongomea mwenyewe kati ya marumaru mbili, wiki ileile uliyomaliza, nipate pa kuning'iniza dodoki. Nyumba za udongo tunagongomea popote. Nilijuaje kwamba ukuta una maji ndani?

Yohana akaniangalia, akasema, "Bibi, yaishe humuhumu bafuni." Nikamwambia huruma yake akampe mkewe.

Kazi yako ilikuwa nzima. Aliyekuita barabarani ni mimi, kwa kosa langu mimi. Hilo... hilo nitakufa nalo.

Lakini jina lako, hapana. Jumapili nitasimama kanisani, na yule mwenye mdomo akiwepo, niseme: "Zabroni alikuwa fundi. Aliyeharibu ni mimi." Wakinicheka, wanicheke.

Nimeanza na mama yako, leo asubuhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua jembe, akaenda shambani. Simlaumu. Jumapili nitasema tena, hata kama yeye hatakuja.

Lala, mwana wanje, mwanangu.

Bibi yako