Ulimbo Nilioutaja Mimi

Mtani wangu Salehe,

Tangu tukuzike hapa Mkuyuni sijakutania hata mara moja, na leo pia sina utani. Mkeo yuko hatarini. Mpwa wako Kobelo, aliyerithi jina lako la ukoo, amemfungia ndani ya nyumba yenu, na kesho ukoo wako utamnywesha mwavi, ili sumu iseme kama ndiye aliyekuua. Wanasema alikutegea ulimbo kichwani. Neno hilo hawakulitunga wao. Lilitoka kinywani mwangu.

Siku ile tulipokupeleka bomani Morogoro, mkono wako wa kulia ulikuwa umeshakuasi, nawe bado ukaniambia ndevu za daktari wa Kijerumani zinafaa kusugulia sufuria. Hilo sikulitafsiri. Aliposema una uvimbe ndani ya ubongo, nilitafsiri vizuri. Kisha akasema uvimbe haukuanzia kwenye nyuzi za fahamu zenyewe, bali kwenye kile kinachozishikilia, ambacho kwao hukiita kwa jina la kitu cha kunatishia vioo vya madirisha. Nikafikiri, kwetu nani ana dirisha la kioo? Ningeweza kusema gundi, lakini huku milimani hilo ni neno la watu wa pwani. Kobelo alikuwa amesimama nyuma yako. Nikasema, "Ni ulimbo. Ulimbo umezidi kichwani."

Wewe ulicheka. "Kumbe mimi shomoro, nimenaswa!" Kobelo hakucheka. Ulimbo haujioteshi, Salehe. Ulimbo hutegwa, na kila mtego una mtegaji. Nilimwona usoni akianza kumtafuta. Nikanyamaza, kwa kuwa niliona haya kujisahihisha mbele ya Mzungu.

Baada ya mazishi nilirudi kwa daktari. Akanichungulisha kwenye chombo chake cha kukuzia, chini yake kipande cha ubongo wa mtu wa kwao kimebanwa kati ya vioo. Niliona vitu kama buibui, vingi mno, vimejipenyeza kati ya nyuzi. Kimoja kilikuwa kimeweka mguu kwenye mshipa wa damu, miguu mingine kimeielekeza kwenye nyuzi. Daktari alisema wenzake wangali wakibishana. Wapo wanaodhani vinazilisha nyuzi, wapo wanaodhani vinazoa kilichokufa. "Jina tulilovipa ni baya," alisema, "lakini tumeshalizoea." Nikatamani kulia. Hata wao wamekosea neno, ila kosa lao halimnyweshi mjane sumu.

Nilitafuta neno jingine njia nzima ya kurudi, nikalipata. Watani. Msibani kwako nani alichimba kaburi, nani alipika, nani alifagia uwanja, nani aliwashika wafiwa wasianguke? Ni sisi watani wenu. Hakuna aliyetupa pole, lakini bila sisi msiba usingekwenda. Ndivyo vilivyo vile vidudu vya kichwani. Na ugonjwa wako ulikuwa watani waliozaana hadi mwenye nyumba akakosa pa kuketi. Hakuna aliyewatuma. Mkeo hakuwatuma.

Jana nilimweleza Kobelo hivyo hivyo. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Shikamoo tena, mwalimu. Bomani ulisema ulimbo. Leo shemeji yako analia, umepata watani. Kesho utapata nini?"

Nikipeleka habari bomani, askari watakuja na kamba, na mpwa wako atanyongwa, maana Wajerumani wameukataza mwavi. Nisipopeleka... Salehe, sauti ya mkeo nyuma ya ule mlango, hapana, siwezi kuiandika.

Kifua changu kimekwisha, nawe utaniona karibuni. Sitaki unikute nikitafuta pa kujificha.

Limebaki jambo moja ambalo ukoo wako hauwezi kunikatalia. Mtani akinyakua kitu mbele ya wafiwa, hakasirikiwi wala hapigwi. Nimewaambia wanangu wanibebe kwa machela hadi uwanjani kwako kabla watu hawajakaa. Huenda kesho Kobelo akawa wa kwanza kumpiga mtani. Na apige.

Lala salama, shomoro wangu. Nakuahidi bakuli lile la mwavi litapita mikononi na kinywani mwangu kabla halijamfikia mkeo, na litakapomfikia litakuwa tupu.

Mtani wako,
Mwalimu Anselmi