Mwarobaini wa Bustanini

Jumanne, 14 Aprili 2020
Nimemwagilia upande wa barabarani. Mpira umetoboka tena, nimeufunga kwa kipande cha kanga. Bustani imejaa. Miaka kumi na moja naihudumia, walikuwa wakiingia mbuzi na wachumba tu. Sasa corona imewatoa majumbani, kila mtu kaijua faida ya upepo. Mmoja kaja kutoka Pongwe na mkeka na jiko la mkaa. Mkeka nimeuruhusu, jiko nimelitoa nje.

Dada yangu Zaina yuko pale pale, chini ya mwarobaini. Ana pumu. Chumba chake Makorora ni bati tupu, mchana ni tanuri. Hapa ndipo anapopumua. Mti huo niliupanda mimi, mkono mmoja nachimba, mkono wa pili nimemkaba nyoka, swila. Swila mwenyewe alianzia getini, mkia ukaishia barabara ya pili.

Jumatano, 15 Aprili
Kijiwe cha kahawa. Wote habari ni kujifukiza. Hamza kinyozi anausifu mkaratusi wa kwao kama kauumba yeye. Sikuvumilia. Nikawaambia wiki iliyopita kifua changu kilifunga, watu wameshaanza kuulizana habari ya sanda. Nikachuma majani ya mwarobaini wa bustanini, nikachemsha, nikajifunika blanketi na sufuria. Nilipofunuka nikabeba mfuko wa saruji hadi Ngamiani bila kupumzika.

Yalikuwa mafua. Siku mbili. Lakini Hamza alinyamaza. Raha.

Ijumaa, 17 Aprili
Wamekuja na mapanga. Mapanga na viroba. Nawaambia miarobaini imejaa mji mzima, huu hauna tofauti na ule wa nyuma ya soko.

"Mjomba anatubania," anasema mama mmoja yuko juu ya tawi. "Yeye si keshapona."

Nimefoka hadi sauti imekauka. Nikimteremsha mmoja, wawili wamepanda. Watu ambao juzi hawakujua hata geti liko wapi.

Jumamosi, 18 Aprili
Sokoni yanauzwa kwa mafungu: majani ya Mjomba Bakari. Jina wamelitaja vizuri, hilo nakiri. Dada amehamisha mkeka mara tatu akifuata kivuli. Mara ya nne hakikuwapo.

Jumapili, 19 Aprili
Mti umebaki fimbo. Dada hakuja. Amekuja Rehema, bintiye.

"Shikamoo, mjomba. Mama toka asubuhi kakaa mlangoni, pumzi fupi. Ndani hakukaliki, na huku kasema jua litammaliza." Akautazama mti. "Hivi nani kayaanzisha maneno haya?"

Nikajifanya natafuta reki. Nimejichukia.

Jumatatu, 20 Aprili
Nimekwenda kijiweni kusema kweli. Nimesema mbele ya wote: yalikuwa mafua, saruji sikubeba, uacheni mti uchipue.

Hamza akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Jamani, mjomba kaona dawa inaisha, anataka abaki nayo peke yake."

Wawili wakainuka hapo hapo, wakashika njia ya bustanini. Miaka yote nawapa uongo wanaumeza. Kweli moja tu, wameitema. Wapumbavu. Na mimi nimo.

Nikapita kwa dada. Nikamweleza yote. Akavuta pumzi kwanza, kwa shida.

"Nilijua, Bakari. Wewe ukiumwa kweli unalia mpaka mtaa wa pili wanakuja na uji."

Bora angenitukana.

Jumatano, 22 Aprili
Machipukizi matatu asubuhi. Mchana hakuna hata moja. Sikufoka. Nimechoka kufoka.

Alhamisi, 23 Aprili
Nguzo nne, makuti kutoka kwa shemeji wa Pangani. Nimejenga kibanda kando ya shina, cha mkeka mmoja. Mgongo unauma. Nguzo nilibeba moja moja, na kila moja nilipumzika njiani.

Dada amefika saa tisa, Rehema kamshika mkono. Akalala ubavu, uso kwenye upepo wa baharini. Jamaa mmoja akasogea na kiroba, akaniuliza kama mimi ndiye yule wa saruji. Nikaweka kidole mdomoni, nikamwonyesha mgonjwa. Akaondoka akinyata.

Kifua cha dada kinapanda, kinashuka. Mluzi ule wa pumu siusikii. Nimekaa hapo mpaka jua likapoa.