Pasta Pembeni mwa Picha

Louisville, Kentucky
Tarehe 9 Oktoba 2016

Kwako dada yangu mpendwa Dative,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Iroquois, mtaa wetu. Natumaini wewe, mama na watoto mnaamka vizuri hapo Uvira, na kwamba mvua haijaharibu tena barabara ya kwenu. Sisi tupo. Mke wangu Esperance bado anatunza wazee. Binti yetu Séphora amenipita urefu, na ananijibu kwa Kiingereza hata nikimuuliza kama amekula.

Utashangaa kupata karatasi wakati WhatsApp ipo. Simu yako, dada, inasikilizwa na nyumba nzima, na neno hili sitaki mama alisikie kwanza. Ndiyo maana barua hii nimemkabidhi rafiki yangu Elie, anayekuja huko kutoa mahari.

Unajua kwaya yetu hutembelea makanisa ya ndugu zetu waliotawanyika: Columbus wakati wa Pasaka, Buffalo wakati wa kiangazi. Tuna desturi moja. Tukirudi mara ya pili tunawapelekea wenyeji picha ya kanisa lao ndani ya fremu, nyeusi na nyeupe. Kazi hiyo ni yangu. Napiga picha safarini, kisha nakaa kwenye kompyuta nikiirekebisha: mawingu nayatia uzito, matofali nayakoleza yaonekane moja moja, nyaya za umeme zinazokatiza mnara nazifuta. Nilikuwa najivuna kidogo. Wengi wetu huku tunaabudu katika makanisa makubwa ya kale tuliyoazimwa Jumapili mchana, na mtu akipewa picha safi ya jengo lile anaona kama ni la kwake kweli.

Mwaka huu kazi ilianza kunishinda. Picha ya Columbus niliiona ina giza, nikaongeza mwanga, nikaona bado giza, nikaongeza tena. Séphora akasema kanisa limepauka kama limemwagiwa unga. Nilimkasirikia bure. Nikasema kompyuta imezeeka, nikanunua skrini mpya, nayo ikawa na giza lile lile.

Mwezi wa nane tukawapelekea watu wa Buffalo picha yao, kanisa la matofali lenye minara miwili, karibu na barabara ya Bailey. Pasta wao, Semahoro, alipoifunua mbele ya waumini, watu wakaanza kucheka. Yeye mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi. Akaniuliza, akichanganya na Kifaransa chake, bon, mwaka jana alivaa suti akasimama ukutani akijua anapigwa picha, donc inakuwaje nimemkata nusu? Nikaangalia. Niliona minara, mlango, ngazi. Pasta sikumwona. Ilibidi nigeuze kichwa kabisa upande wa kushoto, ndipo akatokea: bega moja, sikio moja, nusu ya tai. Nilikuwa nimekaa na picha ile majuma mengi bila kujua kuna mtu ndani yake. Nilicheka pamoja na wengine.

Sasa ndipo penye neno lenyewe. Dereva wa gari la kwaya ni mimi. Tulipotoka Buffalo nilihamia njia ya kushoto, honi ya lori ikalia karibu kabisa na sikio langu. Lori zima, dada, na sikuliona. Nyuma watoto waliendelea kuimba. Niliegesha kwenye kituo cha mafuta, nikasema kichwa kinaniuma, nikampa funguo Pasta wetu Marcellin. Tangu siku hiyo sijashika usukani.

Daktari wa macho amenipima. Ni presha ndani ya jicho. Haiumi. Inakula macho kuanzia pembeni, taratibu, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Amenipa matone ya kutia kila jioni ili nibaki na hiki nilicho nacho. Naogopa, dada. Nikifumba macho kuomba, naogopa kuyafumbua.

Kisha akauliza kama kwetu kuna mtu aliyepofuka. Nikajibu kwamba ni baba, lakini ulikuwa uzee. Akauliza alikuwa na umri gani upofu ulipoanza. Nilipofikiri vizuri, nikakuta baba alikuwa na umri ulio nao wewe leo. Daktari akasema ugonjwa huu unatembea katika damu, na ndugu zangu wote wapimwe hata kama hawasikii maumivu.

Juzi mwanao Gloire alinisimulia kwenye simu, akicheka, kwamba siku hizi unaangusha vikombe mezani na kugombana na milango. Nilikata simu nikakaa chini.

Dada, nakuomba, na kama kuomba hakutoshi nakuamuru, ingawa mimi ni mdogo: panda gari uende Bukavu kwa daktari wa macho juma hili hili. Elie atakusindikiza. Usimwambie daktari ni uchovu wa kushona kwa cherehani. Usimwambie ni umri. Baba naye alisema ni umri. Wasipokuta kitu, nicheke mwaka mzima, nitakubali. Wakikuta kitu, utakuwa umewahi kuliko baba, na kuliko mimi.

Mpe mama salamu, mwambie ninakula vizuri. Wabusu watoto, na majirani wote uwasalimie kwa jina langu. Mungu awe nanyi hapo nyumbani, awe nawe njiani.

Mdogo wako akupendaye,
Zihindula