Ngitili Ilivyoonekana Kutoka Juu

Geita, Jumanne, Septemba 1997

Hatimaye wameitoa! Meneja wa kampuni ya utafiti wa madini aling'ang'ania kwamba picha ya setilaiti ni mali yao, wameilipia. Nikamwambia, "Ni yenu, lakini leseni ni ya serikali, na sheria inawataka mtupe nakala sisi ofisi ya madini."

Ripoti ya mtaalamu wao, aliyepita kwa gari tu, ilisema eneo wanalotaka kuchimba ni pori tupu. Kwenye picha hiyo majani mabichi huonekana mekundu, na katikati ya ukame kuna kipande chekundu kabisa: ngitili, malisho ambayo wanakijiji huyafunga mpaka kiangazi kikali.

Mama Ng'washi, mfugaji wa pale, alicheka. "Kumbe inaonekana toka mbinguni, na huyu aliyepita kwa gari hakuiona?"

Nimesimamisha kibali cha kuchimba. Kesho bosi wangu atanipigia kutoka Mwanza kunifokea, na kusema kweli naogopa. Apige tu. Ng'ombe watakula.