Mafundi Wanaamini Masikio Yao ni Mazima

Mshauri wetu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama tu rika moja basi habari za kazi. Miaka yote nimeisoma safu yako nikidhani ni ya watu wenye matatizo ya ndoa, na leo nimeshika kalamu mwenyewe, tatizo langu si la ndoa ila limenikosesha raha kuliko ndoa yoyote ninayoijua, na inabidi nijue la kufanya kabla ya Ijumaa.

Mimi ni mhadhiri wa chuo kikuu, ninachunguza kelele za makazini na jinsi zinavyoharibu uwezo wa kusikia, na miaka miwili iliyopita nilianza kuwapima mafundi seremala wa mtaa mmoja ambao karakana zimepangana pande zote mbili za barabara, mashine za kuranda zinawaka asubuhi mpaka jioni na mtu akitaka gundi kwa jirani lazima apige ukelele mpaka mishipa ya shingo imtoke. Mwanzoni walinikatalia, wakasema watu wa chuo huja na madaftari, huuliza maswali, huondoka na hawaonekani tena, nami sikuwabishia maana ni kweli. Aliyenifungulia mlango ni mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye mkubwa wa mafundi pale na wanamwita Rula kwa sababu hakati ubao mpaka aupime mara mbili, halafu amwite mwenzake aupime mara ya tatu. Aliwaambia, "Huyu ni mtoto wa dada yangu, hawezi kutukimbia," wakakubali.

Nikapima watu arobaini na wawili. Fundi anakaa kwenye chumba kimya, anavaa hedifoni, akisikia mlio ananyoosha mkono, kazi rahisi tu. Kuna waliokaa mpaka mlio ukanifikia mimi niliyesimama kando ya kiti, nikakunja uso, na wao wamestarehe wanatabasamu, wanasubiri nianze. Thelathini na mmoja wameathirika vibaya. Mjomba sikio la kushoto limekwisha kabisa, la kulia limebaki kama nusu, na hiyo nusu inaweza kuokolewa endapo atavaa vizuia kelele kila mashine inapowaka, kwa sababu kusikia kunakoondoka kwa kelele za mashine hakurudi kwa dawa wala kwa maombi. Wakati wa utafiti niliwagawia vizuia kelele vile vinavyofunika masikio yote mawili, wakavivaa kwa kunung'unika, lakini walivivaa.

Sasa hapa ndipo nilipojikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Chuo chetu siku hizi kinatutaka tupeleke matokeo kwa wananchi, kuna ofisi nzima ya kazi hiyo na kuna Siku ya Utafiti na Umma, na ukitaka kupandishwa cheo lazima uoneshe umeshiriki, kwa hiyo badala ya kumpa kila fundi majibu yake nikawaambia wote majibu yatatolewa siku hiyo ukumbini, nikaona kabisa kwamba nimewapa heshima kubwa.

Walikuja wote, Mshauri. Walizima mashine tangu asubuhi, mtaa ukawa kimya, wakaja na mashati yaliyopigwa pasi na mjomba akiwa mbele yao. Wakapewa viti vya nyuma kwa sababu safu za mbele zilikuwa za wageni waalikwa. Ukumbi wetu una dari ndefu, sauti inagonga ukuta inarudi, kipaza sauti kinakoroma, herufi za slaidi zangu ndogo kama sisimizi, na mimi nikasimama pale dakika ishirini na tano nikiwaeleza kuhusu masikio watu ambao nilikuwa nimethibitisha kwa mkono wangu mwenyewe kwamba hawasikii vizuri, na wala sikulitambua hilo, mimi mwenye shahada tatu. Nilipomaliza, mshereheshaji akauliza kama kuna yeyote ambaye hajaelewa. Hakuna mkono ulionyooshwa, na ofisi ikaandika kwamba wote wameelewa. Walio mbele wakapiga makofi, mafundi wakaona makofi na wao wakapiga, kisha mkuu wa chuo akampa mjomba cheti cha kushiriki, wakapeana mikono, wakapigwa picha.

Wiki iliyofuata nilikwenda karakana na mama. Mashine zinaunguruma, hakuna hata fundi mmoja aliyevaa kitu masikioni, vizuia kelele vimerudishwa kwenye boksi juu ya rafu na boksi limefungwa kwa utepe wa gundi. Cheti kimetundikwa juu ya mashine kubwa, ndani ya fremu ya mbao ngumu ambayo mjomba ameichonga mwenyewe. Aliponiona alizima mashine akaniambia kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya barabara, "Mwanangu, umetuheshimisha! Chuo kizima kimesimama kutupigia makofi! Nimewaambia wenzangu, chuo hakitoi cheti kwa aliyefeli. Masikio yetu mazima, vile vidude vya nini tena?" Mafundi wakacheka kwa furaha, mama akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akasema hajawahi kumwona kaka yake akiheshimiwa namna ile.

Nami nikasema, "Hongera, mjomba."

Nimemweleza mkuu wa kitivo. Si mtu mbaya, ana kazi nyingi. Alisema, "Bibi, funika kombe mwanaharamu apite. Ripoti ni Ijumaa. Andika waliofikiwa ni mia tatu na kumi na hakuna asiyeelewa. Ukiwarudia sasa utaandika nini, kwamba tuliwaalika watu wasiosikia kuja kusikiliza hotuba?" Picha ya mjomba na mkuu wa chuo imeshawekwa kwenye bango la lango kuu.

Ninaogopa, Mshauri. Nikimwambia mjomba, aliyejisifu mtaa mzima atachekwa na mtaa mzima, mama hatanisamehe, mafundi watasema tulijua tu hawa watu wa chuo, na cheo changu cha mwaka huu nikiage. Nikinyamaza, nimeshapiga hesabu, kwa kelele za mashine ile sikio lake la kulia lina kama miaka miwili. Je, nimalize ripoti kwanza halafu nimweleze taratibu, labda baada ya miezi michache, furaha ikishapoa?

Ni mimi,
Mpima Masikio

JIBU

Marahaba, Mpima Masikio. Nimekuzidi umri, na kwa barua hii nadhani nimekuzidi na mengine.

Nianze na lililo zuri, maana ni fupi. Ulikwenda kwa watu waliokukataa, ukavumilia, na ukagundua jambo linaloweza kumwokoa mtu. Tena umekiri kosa bila kumsukumia mwingine. Wengi huniandikia kurasa sita na mwenye kosa ni jirani.

Sasa nisikilize. Daktari akikupima damu, hakuiti uwanjani akakusomea majibu yako kwa kipaza sauti mbele ya wageni waalikwa. Majibu ya sikio la mtu ni yake, anapewa mkononi, kwa lugha yake, na anayempa anasubiri mpaka aone ameelewa. Wewe uliyafanya kuwa shughuli. Mafundi walikuja kuchukua majibu yao, nyinyi mkawafanya wapambe wa sherehe yenu, halafu mkaandika kwamba wamefikiwa. Wamefikiwa na nini? Viti?

Ukumbini ulikosea kwa kutofikiri, na hilo husameheka. Lakini ile "hongera" pale karakana, mwanangu, ile ulifikiri. Mashine ilikuwa imezimwa, mjomba anakutazama usoni, nafasi ya kusema ukweli ikakujia yenyewe bila kuitwa, nawe ukampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Unasema unaogopa atachekwa. Mh! Mzee anayepima ubao mara tatu kabla ya kuukata, wewe unadhani anataka kipimo cha kumfurahisha? Unachokilinda ni uso wako mbele ya mama yako. Naelewa, kila mtu anapenda mama yake alie kwa furaha, lakini machozi hayo yanalipiwa na sikio la kaka yake.

Eti usubiri furaha ipoe. Furaha ya uongo haipoi, inazidi kuota mizizi. Baada ya miezi michache atakuwa amewaambia wateja, wateja wamewaambia wengine, na karakana za mtaa wa pili nazo zimevua vizuia kelele kwa sababu chuo kimesema kelele hazina neno. Hapo utakuwa na masikio mangapi ya kuyapima?

Utafanya hivi. Nenda wakati mashine zimezimwa, peke yako, bila mama. Kaa upande wake wa kulia, karibu, mtazamane, usipige kelele wala usinong'one. Chukua majibu yake kwenye karatasi moja yenye maandishi makubwa. Anza na maneno haya: "Mjomba, nilikosea." Usimwambie, "Hamkusikia," mwambie, "Sikuhakikisha kama mnasikia," maana hiyo ndiyo kweli. Kisha mweleze la kushoto na mweleze la kulia. Akifoka, mwache afoke, ana haki. Akinyamaza, usijaze kimya chake kwa takwimu, kaa hapo hapo.

Akishamaliza hasira, muulize yeye wenzake waambiwe vipi. Yeye ndiye aliyekufungulia mlango mara ya kwanza na anawajua kuliko wewe. Kila fundi apewe majibu yake faragha, na la mjomba asilitaje mtu ila mjomba mwenyewe. Halafu waulize kwa nini vile vizuia kelele walivivaa kwa kunung'unika. Miaka miwili umewapima, na katika barua yako yote sijaona mahali ulipowauliza hilo. Huenda vinawabana, huenda vinawatoa jasho, huenda fundi anaogopa asisikie mwenzake akimwonya mkono uko karibu na kisu cha mashine. Hapo ndipo elimu yako itakapoanza kuwafaa.

Cheti usikiguse. Mwenye fremu ni yeye, akitaka kukishusha atakishusha.

Ijumaa peleka ripoti, tena ya kweli. Andika kwamba mafundi arobaini na wawili walikuja na hawakuambulia neno, andika kwa nini, andika ulivyowarudia. Kama chuo chako kina watu wenye akili, ripoti hiyo itawafaa kuliko makofi ya watu mia tatu na kumi. Kama hakina, cheo kitachelewa. Inauma, sitakudanganya, lakini cheo kinaweza kungoja mwaka ujao. Na wewe mkuu wa kitivo, najua utasoma hapa, kombe hili lina watu ndani yake. Lifunue.

Neno la mwisho. Barua za wiki hii nilikuwa nimeshazipanga na yako ilikuwa ya wiki ijayo. Nimeitanguliza. Jina lako sijalitaja, wala mtaa, lakini maseremala waliopigiwa makofi na chuo kizima watajijua, na gazeti hili linasomwa karakana saa tatu asubuhi, mmoja akisoma kwa sauti kubwa na wengine wamemzunguka. Ndiyo maana jana mchana nilikupigia simu, nikakusomea jibu hili lote, nikakwambia lazima ulitangulie gazeti. Ulilia, ukasema utakwenda. Kama ulikwenda, vizuri. Kama unasoma haya na bado hujaenda, mjomba wako anaambiwa sasa hivi na mtu asiye mtoto wa dada yake.