Joto Liliishia Mstari wa Pili

Ijumaa. Mvua imekatika saa nane mchana, Nyakabiga yote ni tope.

Wamepata mbili kwa ishirini. Aliyenipa habari ni Espérance mwenyewe, binti wa dada yangu, anayekaa kwangu na kusoma hisabati chuoni, mwaka wa pili. Kazi ilikuwa ya watu watatu: yeye, Nadia na Chantal. Alama hiyo ikibaki, atarudia mwaka, na baba yake ameshasema anayerudia mwaka anarudi nyumbani Rumonge.

Nimeiomba karatasi.

Swali lenyewe: nondo ya chuma ina nyuzijoto sabini ncha moja, sifuri ncha ya pili. Katikati kuna vituo sita vilivyoachana sawasawa. Tafuta joto la kila kimoja. Inatoka milinganyo sita, mstari mmoja kwa kila mlinganyo, na kila mmoja unahusu kituo chake na majirani zake tu. Unaanza juu. Mlinganyo wa kwanza unaondoa kituo cha kwanza kwenye wa pili. Wa pili, ukishapata namba zake mpya, unaondoa cha pili kwenye wa tatu. Hivyo hadi chini, ambako hubaki kituo kimoja tu kisichojulikana. Kisha unapanda ukijaza majibu.

Majibu yao: 46.67, 23.33, halafu sifuri nne.

Nimemuuliza joto limekwenda wapi.

"Mistari tuligawana," amesema. "Mbili-mbili. Kila mutu alifanya kwake, kesho yake tukaunganisha."

Basi Nadia alianza mstari wa tatu kwa kutumia wa pili kama ulivyo kwenye swali, bila kungoja namba mpya za Espérance. Sabini, iliyoingilia mstari wa kwanza, haikumfikia. Chantal, aliyefuata, akafanya vilevile.

Nikauliza nani aliwaambia wagawane.

"Ni wewe, mama mudogo."

Ni kweli. Walikuwa sebuleni wakilalamika kazi ni nyingi. Nikapita, nikawaambia kwamba sisi gazetini taarifa ndefu huandikwa na watu watatu, kila mmoja na sehemu yake. Sikuuliza kazi yao ni ya namna gani. Nami kuuliza ndiyo kazi yangu ya miaka mingi.

Nimemwomba radhi. Ameniangalia, akauliza kama na hiyo nitaiandika humu.

Ameifanya upya peke yake, mezani, mstari kwa mstari. Namba za katikati, moja kwa kila mstari, zimetoka 2, 3/2, 4/3, 5/4, 6/5, 7/6. Mimi nimehakiki tu, nikirudisha majibu kwenye milinganyo: 60, 50, 40, 30, 20, 10. Yote sita imekubali.

Asistenti, mwalimu msaidizi wa somo, amekubali kuwasikiliza tena. Atamwita mmoja tu ubaoni, hatasema mapema ni nani, na alama yake itakuwa ya wote watatu.

Kesho Nadia anakuja hapa kutoka Kinama, Chantal kutoka Mutanga Nord. Kila mmoja atafanya mistari yote sita, tangu wa kwanza, bila kusaidiwa. Mimi nitachemsha chai na kunyamaza.

Ubaoni ni Jumatatu, saa mbili asubuhi.